Nani wa Mwisho?

Casilda anaishi ghorofa ya juu yetu hapa Palencia, na haya yaliyompata tumeyasikia kutoka kinywani mwake mwenyewe, si mara moja, na hajawahi kubadilisha hata neno. Anayetaka kucheka acheke mwanzoni, kwa sababu mwanzoni kuna cha kuchekesha. Kuna Leocadio.

Leocadio, mumewe, alikuwa fundi bomba mstaafu, mwanamume mwenye tumbo la heshima na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kusubiri zamu yake. Kwetu mtu akifika kwa muuza nyama hasimami kwenye mstari. Anaingia, anauliza kwa sauti, "Nani wa mwisho?" na mmoja anajibu, "Mimi hapa." Basi, ameshapata nafasi nyuma ya huyo. Anaweza kukaa, kupiga soga, hata kutoka kwenda kununua mkate, mradi amwombe aliyemtangulia amlindie nafasi. Neno hilo likishatamkwa limetamkwa, na hakuna anayelivunja. Hakuna, isipokuwa Leocadio. Yeye alikuwa akivua kofia, anajipenyeza kwa kiwiko hadi kaunta, huku akisema kwa unyenyekevu wa uongo, "Samahani jamani, mimi nina swali dogo tu." Swali lenyewe lilianzia bei ya kondoo, likapitia afya ya mama yake muuza nyama, likaishia kwenye mpira wa Jumapili. Mtaa mzima ulikaa ukimsubiri amalize swali dogo. Casilda, ambaye maisha yake yote alishona mapazia na hakuwahi kumruka hata mtoto, alikuwa akigeukia ukuta kwa aibu.

Mwezi wa saba mwaka ule klabu ya wastaafu ilikodi basi kwenda kutembea miji ya zamani: Ávila, kisha Segovia, kisha Toledo. Casilda alikuwa na shughuli yake moja. Jirani yetu wa ghorofa ya chini, Eufrasia, alikuwa amelazwa hospitali tangu masika, na kitu alichokuwa akikitamani ni vile vitamu vya viini vya mayai wanavyotengeneza watawa wa Ávila. Casilda alimwahidi atamletea.

Walifika Ávila wakala maharage na mapande ya nyama, na baada ya hapo kundi zima likaenda hotelini kulala usingizi wa mchana. Leocadio alikuwa akikoroma hata kabla ya kuvua viatu. Casilda akachukua mkoba wake na feni ya mkononi ya kukunja, akatoka peke yake. Jua lilikuwa kali, mawe ya ukuta wa mji yakitoa joto, na hapakuwa na hata paka barabarani. Alikuwa ameelekezwa: nyuma ya kiwanja kidogo, mlango wa watawa, kuna kabati la mbao linalozunguka ukutani, unaweka hela, linazunguka, linarudi na vitamu, na mtawa mwenyewe humwoni. Aliona mlango ulioachwa wazi kidogo. Akausukuma.

Ndani palikuwa na ukumbi wa giza, na baridi nzuri. Mabenchi yalipangwa kuta zote mbili na watu walikuwa wamekaa, wengi tu. Casilda alifurahi. Vitamu vinavyosubiriwa na watu wengi namna ile saa ya usingizi lazima viwe vitamu kweli.

"Habari za mchana," akasema. "Nani wa mwisho?"

"Mimi hapa," akajibu mwanamke aliyekaa pembeni kabisa. Alikuwa amevaa koti zito la sufi, limefungwa vifungo hadi shingoni. "Utanifuata mimi."

Casilda akakaa karibu naye, akafungua feni yake, na baada ya muda mfupi akaifunga. Hakuihitaji. Kisha akagundua kwamba hakuna mwingine aliyekuwa na feni. Halafu akagundua jambo baya zaidi. Hakuna aliyekuwa akizungumza. Sisi ukituweka kwenye foleni, kabla haijasogea tunajuana majina, operesheni na wakwe zetu. Wale walikaa mikono magotini, macho chini. Mzee mmoja alikuwa na kiatu kimoja tu. Binti mmoja nywele zake zilikuwa zimelowa na zinadondosha maji sakafuni, na maji yale hayakuwa yakienea.

Kabati la kuzunguka halikuwepo. Kulikuwa na mlango mdogo mwisho wa ukumbi. Ulifunguka.

"Anayefuata," ikasema sauti kutoka ndani. Haikuwa ya kike wala ya kiume. Ilikuwa sauti ya karani aliyechoka.

Mzee wa kiatu kimoja akainuka, akaingia. Mlango ukafungwa. Ukafunguka tena. "Anayefuata." Akaingia mwingine. Hakuna aliyekuwa ametoka.

Casilda akamwinamia yule mwanamke wa koti. "Samahani mama," akanong'ona, "hawa watawa wanauza vile vya mayai kweli?"

Mwanamke aligeuka polepole. "Sijui wanauza nini," akasema. "Mimi nimekaa hapa tangu wakati wa baridi."

Casilda akainuka. Na hapa ndipo alipokosea, na yeyote kati yetu angekosea hivyohivyo, maana ndivyo tulivyolelewa. Angetoka mbio bila neno pengine yangekwisha. Lakini kuacha foleni kimyakimya ni utovu wa adabu. Alipofika kizingitini akageuka.

"Natoka kidogo tu, nitarudi," akasema. "Naomba unilindie nafasi."

"Usiwe na wasiwasi," akajibu mwanamke wa koti. "Haipotei."

Hapo, kwa mara ya kwanza, wote waliokaa kwenye mabenchi waliinua vichwa wakamtazama.

Nje jua lilimpiga usoni. Hatua chache mbele aliuona mlango wa watawa, wenye kengele na kibao kilichosema wamefunga hadi jioni. Akageuka kutazama alikotoka. Mlango ule ulikuwa umefungwa kwa mnyororo uliokula kutu, na magugu marefu yalikuwa yameota kwenye kizingiti chake. Hakuna aliyekuwa ameyakanyaga.

Hakumwambia mtu. Alijiambia ni joto. Kesho yake alfajiri, wakati wa kupanda basi kwenda Segovia, mlango wa basi ulichana pindo la jaketi la Leocadio, lile la kijivu alilolivaa hata jua likiwaka kwa sababu lilikuwa na mifuko ya kutosha upuuzi wake wote. Casilda alilishona garini. Kwenye kijaluba cha nyuzi alichochukua hotelini hakukuwa na uzi wa kijivu, akatumia wa kijani. Leocadio akalalamika kwamba atafanana na mchekeshaji wa sarakasi.

"Unafanana naye siku zote," Casilda akamwambia. "Uzi si kitu."

Segovia walifika asubuhi. Nerea, binti aliyekuwa akiwaongoza, alitangulia na mwavuli wake wa buluu akiwapitisha chini ya matao makubwa ya kale, akawapandisha kilimani, akawaonyesha kanisa dogo lenye baraza la nguzo. Wazee walikuwa wakimzonga kwa maswali, Leocadio akiwa wa kwanza kama kawaida. Casilda alibaki nyuma kidogo kurekebisha kiatu. Alipoinua macho akatazama barazani.

Walikuwepo.

Walikuwa wamepungua. Benchi la pili lilikuwa tupu kabisa. Mwanamke wa koti alikuwa pembeni palepale, na kando yake palikuwa na nafasi wazi. Alikuwa ameweka kiganja juu ya nafasi ile. Alipomwona Casilda akaipigapiga kidogo, kwa wema, kama unavyomwashiria mgeni akae.

Na pale mbele, karibu na mlango mdogo, alikuwa amekaa Eufrasia. Amevaa gauni la hospitali na ndara. Bila shaka Ávila alikuwa kule gizani mwisho wa ukumbi, na Casilda hakumtambua.

"Eufrasia!" Casilda akaita.

Eufrasia akageuka. Alitabasamu kwa haya, akavuta gauni kufunika magoti. Ni mwanamke ambaye hakuwahi kufungua mlango wake bila rangi ya mdomo. Mlango mdogo ukafunguka. Akajipanga nywele, akaingia.

"Unamwita nani?" Leocadio alikuwa amerudi.

"Eufrasia. Ameingia pale."

"Eufrasia yuko hospitali Palencia, mwanamke wewe. Ni jua hilo. Njoo unywe maji."

Kwenye baraza kulikuwa na njiwa tu.

Simu ilikuja wakiwa mezani, mbele ya kitoto cha nguruwe kilichookwa. Alikuwa binti wa Eufrasia. Mama yake alikuwa amefariki asubuhi ile. Casilda akaweka simu chini, akasukuma sahani, akamwambia mumewe kila kitu tangu Ávila, kwa sauti ya chini ili meza nyingine zisisikie. Leocadio alianza kucheka. Kisha akaona mkewe hacheki, akaacha.

"Uliomba nafasi?"

"Niliomba."

"Na ukasema utarudi?"

"Nilisema."

"Basi hayo ndiyo matatizo ya watu wenye adabu!" akafoka. "Ningekuwa mimi, nisingemuuliza mtu yeyote nani wa mwisho."

"Wewe ungewapita wote ukaingia moja kwa moja, mpumbavu wewe," akasema Casilda, na wakacheka wote wawili. Halafu Casilda akaanza kulia, na Leocadio akamshika mkono juu ya meza mbele za watu, kitu ambacho hakikuwahi kutokea.

"Wamebaki wangapi mbele yako?" akauliza.

"Wachache. Wachache sana."

Leocadio alitaka warudi nyumbani kwa treni. Casilda akakataa. Ukumbi ule ulikuwa Ávila, sasa umekuja Segovia. Wakirudi Palencia utawasubiri kwenye ngazi za jengo letu, na huko watakuwa wawili peke yao. Heri kwenye kundi, penye kelele. Leocadio alifikiri sana, yeye ambaye hakuwa na mazoea ya kufikiri sana, akakubali.

Toledo ilikuwa tanuri. Casilda aliomba abaki garini lakini dereva alikuwa analipeleka basi chini ya mlima na kulifunga. Basi akashuka, akamshika mumewe mkono, hakuuachia. Hakuingia popote. Si kanisani, si dukani, si chooni. Kila mlango uliokuwa wazi alivuka barabara kuukwepa. Watu wa kundi wakawatania kwamba wamerudi kwenye fungate.

Kilichomtia hofu zaidi ni Leocadio mwenyewe. Kwenye duka la vitamu vya lozi kulikuwa na umati, na yeye Casilda akabaki nje akimtazama kupitia kioo. Leocadio akaingia, akavua kofia, akauliza nani wa mwisho, akajibiwa, akasimama kimya hadi zamu yake. Hakusema ana swali. Hakutumia kiwiko. Vilevile kwenye kibanda cha maji. Vilevile kwenye tikiti za kanisa kuu.

"Unaumwa?" Casilda akamuuliza.

"Leo najiwekea akiba," akajibu, na hakutaka kueleza.

Mchana ulipokolea walipoteza kundi. Vichochoro vya Toledo havina huruma. Unapinda mara mbili na hujui tena mto uko wapi. Maduka yalikuwa yanafungwa, vyuma vya madirisha vikishushwa kimoja baada ya kingine. Kisha kukawa kimya. Hatua zao tu kwenye mawe. Casilda akaanza kuona kizunguzungu, na Leocadio akamvuta kwenye kivuli, ndani ya kijia kilichofunikwa kwa juu, kati ya nyumba mbili za watawa.

Palikuwa na baridi.

Casilda aliijua baridi ile kabla macho hayajazoea giza. Akataka kurudi nyuma. Miguu haikurudi.

Palikuwa na benchi la jiwe. Juu yake alikaa mwanamke mmoja tu, mwenye koti.

"Umechelewa," akasema taratibu, bila hasira. "Lakini nimekulindia."

Mwisho wa kijia, mlango mdogo. Ulifunguka.

"Anayefuata."

Mwanamke akafungua vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, kuanzia shingoni. Akashusha pumzi ya mtu aliyesubiri sana. Akaingia. Mlango ukafungwa.

Casilda alikaa. Anasema hakukaa yeye, miguu ndiyo iliyokaa. Jiwe lilikuwa la baridi na pale alipokaa palimtosha barabara.

Leocadio alikuwa amekaa kando yake, bado amemshika mkono. Hakuuliza kama ni jua. Alitazama kule mkewe alikokuwa akitazama.

"Ni hapa?" akanong'ona.

"Ni hapa."

"Mbele yako kuna nani?"

"Hakuna mtu."

Leocadio akatikisa kichwa kama fundi aliyekwisha kuona bomba lilipopasuka.

Wakasikia viatu. Nerea akatokea kwenye mwanga, mwavuli kwapani, jasho likimtiririka. "Jamani, nimewatafuta Toledo nzima! Wenzenu wanakunywa kitu baridi, nyinyi mmejificha huku." Akawaona wamekaa, wanatazama mwisho wa kijia. Akacheka. Na akasema kile ambacho kila mmoja wetu hukisema akikuta watu wamekaa mbele ya mlango, akiingia kivulini kwa hatua nyepesi.

"Haya, nani wa mwisho?"

Kinywa cha Casilda kilifunguka chenyewe. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. *Mimi hapa.* Tangu utotoni alikuwa akilijibu swali lile bila kufikiri. Na nyuma ya neno lile kulikuwa na jingine, tamu zaidi, ambalo alikuwa amewaambia mama vijana kwa muuza nyama mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka: pita wewe, binti, mimi sina haraka. Kusema tu. Maneno ya adabu. Kisha angekwenda nyumbani na Leocadio, kwenye roshani yao yenye maua, na asingejua mtu. Casilda hafichi. Anasema alitaka kulisema. Alilitaka sana.

Komeo likasogea.

Casilda akajiziba mdomo kwa kiganja. Alimtikisia Nerea kichwa, machozi yakimtoka, na mkono ulipopata nguvu ya kutoka mdomoni akasema, "Toka nje, binti. Hapa hakuna foleni. Toka."

Nerea akarudi nyuma, ameshangaa.

"Anayefuata," ikasema sauti.

Casilda akainuka. Hakuwa tena na hofu, anasema, alikuwa na huzuni tu, na alisikitika kwamba hakuwa amefua mashati ya Leocadio kabla ya safari. Akapiga hatua moja.

Hapo mkono wa mumewe ukamwachia. Akasikia kiwiko ubavuni, kile kiwiko ambacho mtaa mzima unakijua. Leocadio alikuwa amevua kofia. Akampita bila kumtazama, tumbo mbele, akijipenyeza kati yake na ukuta.

"Samahani jamani," akasema. "Mimi nina swali dogo tu."

Akaingia.

Mlango ukafungwa nyuma yake, ukabana pindo la jaketi lake. Pindo likavutwa kutoka ndani. Likavutwa tena. Kisha likaachwa. Na kwa mbali, ndani, Casilda akasikia sauti aliyolala nayo maisha yake yote, imechangamka, haina haraka yoyote: "Habari za mchana! Hivi hapa huwa mnafungua saa ngapi? Maana nilikuwa na mjomba wangu mmoja..."

Nerea anasimulia vingine. Aliona mzee ananyanyuka, anavua kofia, anatembea hadi mwisho wa kijia na kuegemeza paji la uso ukutani. Kisha akateremka taratibu hadi chini. Nerea alipiga simu, wahudumu wa gari la wagonjwa walifika haraka na hawakuweza kufanya kitu. Moyo, walisema. Moyo na joto. Mlango hakuna. Pale mwisho wa kijia pamejengwa matofali membamba ya zamani, yenye ukungu wa kijani kwenye viungo, na hakuna mtu wa mtaa ule anayekumbuka kama paliwahi kuwa wazi.

Ila jaketi. Walipomlaza benchini waliona pindo moja halipo. Halikuchanika, lilikuwa limekatwa sawasawa, kama kwa mkasi. Na chini ukutani, kati ya tofali na jiwe la kizingiti, mahali ambapo huwezi kupitisha ncha ya kisu, kilikuwa kimetokeza kipande cha kitambaa cha kijivu, upana wa kiganja, chenye mshono wa uzi wa kijani. Casilda aliutambua mshono wake. Polisi mmoja alijaribu kukivuta kwa koleo. Hakikutoka. Nerea aliyaona hayo yote kwa macho yake, na siku hizi haongozi wageni tena, anauza viatu.

Casilda alirudi na jeneza. Tulidhani naye hatakaa muda mrefu, tumeshaona wajane wengi. Tulikosea. Miaka imepita na yupo, anapanda ngazi kwa wepesi kuliko sisi. Mwaka juzi aliteleza kutoka ghorofa ya juu akabingirika hadi mlango wa barabarani, nasi tukatoka tukipiga kelele tukijua tunakwenda kuokota maiti. Alikuwa amekaa chini anakung'uta sketi. "Msihangaike," akatuambia. "Bado yuko kaunta."

Kwa muuza nyama haulizi tena nani wa mwisho. Anaingia, sote tunamwachia njia, ananunua, anatoka. Usiku wa Krismasi akinywa kidogo hulia na kucheka pamoja. "Nilimwonea aibu maisha yangu yote kwa swali lile," husema. "Sasa naomba tu asilimalize."

Pasaka hii mimi na mke wangu tulipita Toledo. Hatukupanga, lakini mchana tulijikuta tunakitafuta kijia, na tulikipata. Benchi lipo. Ukuta upo. Tuliinama tukatafuta kitambaa kwenye kizingiti. Hakikuwepo. Kilichobaki nje ulikuwa uzi wa kijani, mfupi, ncha tu, unaning'inia kati ya tofali na jiwe. Mke wangu akapiga magoti, akasogeza uso karibu. Hakukuwa na upepo. Uzi ukaingia ndani kidogo. Kisha kidogo tena.

Tuliondoka haraka.

Casilda alikuwa kwenye ngazi tuliporudi, na vifuko vyake vya sokoni. "Mlifika Toledo?" akauliza.

"Tulifika."

"Kitambaa kipo?"

"Kipo," nikamjibu.

"Chote?"

"Chote."

Akashusha pumzi. "Basi bado anauliza," akasema, akapanda juu akitabasamu, polepole, akishika ukuta.

Mke wangu alisubiri hadi aliposikia mlango wa juu umefungwa. Kisha akanishika mkono, akaninong'oneza kitu ambacho alikuwa amekificha njia nzima. Kwamba pale alipoweka uso karibu na tofali alisikia mtu. Sauti ya mwanamume, mbali ndani, imechangamka, ya mtu anayevaa kofia yake na kugeuka kuondoka.

"Haya, asante sana. Sina jingine."